Mwalimu Nyerere na Lugha ya Utawala Upareni

Urithi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hupimwa mara nyingi kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa kuwa siasa ya vijiji vya ujamaa haikudumu, wako wanaohitimisha kwamba urithi huo nao umekwisha. Historia ya Same na Milima ya Upare yaonyesha mahali pengine pa kuutafuta, yaani katika lugha.

Nyerere hakukipeleka Kiswahili Upareni. Misafara ya biashara, na baadaye tawala za Wajerumani na Waingereza, zilikuwa zimekwisha kukifikisha huko. Wamisionari nao walijishughulisha na Chasu, lugha ya wenyeji. Sarufi yake iliyoandikwa na Ernst Kotz ilichapishwa mwaka 1909. Chini ya Waingereza, Chasu ilitawala nyumbani, Kiswahili barazani, na Kiingereza katika ofisi zilizotoa uamuzi wa mwisho. Kiswahili, basi, kilikuwa aghalabu lugha ambayo kwayo mwananchi alipokea amri.

Uzito wa amri hizo ulidhihirika katika mgogoro wa mbiru. Kodi mpya, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, ilipewa jina la ushuru wa kale, kana kwamba jina la asili lingeihalalisha. Wapare hawakuhadaika. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga. Baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1947. Kwa hiyo, TANU ilipoundwa mwaka 1954, Wapare hawakuhitaji kufundishwa kudai haki. Walichopata ni jukwaa la kuyaunganisha madai yao na ya wananchi wa sehemu nyingine, na lugha ya jukwaa hilo ilikuwa Kiswahili.

Hapo ndipo yalipo mapinduzi ya Nyerere. Utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Mkulima wa Gonja au Usangi aliweza sasa kumhoji kiongozi kwa lugha ileile ambayo wazee wake waliamriwa nayo.

Hata hivyo, urithi huo una pande mbili. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, Kiswahili kilitumika tena kuamrisha watu wahame. Aidha, Chasu haikupewa nafasi katika mitaala ya shule, ilhali Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Lugha ya mama ilinyamazishwa darasani kwa ajili ya umoja, lakini lugha ya umoja haikufikishwa hadi kilele cha elimu.

Wanaleksikografia hulinasibisha neno kitivo, linalotumika katika vyuo vikuu, na Kipare na Kisambaa, ambako lilihusu ardhi yenye rutuba. Kiswahili cha taifa kilichota istilahi kutoka milimani, nacho kikaipa milima hiyo sauti katika siasa ya nchi. Mwalimu alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayejifunza Kiswahili Same halazimiki kuisahau Chasu, na kwamba akifika sekondari halazimiki kukiacha Kiswahili mlangoni.