Chatu wa Tumboni: Kiumbe cha Usiku cha Wanyakyusa

Kwa Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, uchawi haukukaa kwenye tunguri wala hirizi. Ulikaa tumboni, katika umbo la chatu. Nyoka huyo hakununuliwa kwa mganga. Mtu alimrithi kwa baba au kwa mama. Usiku mchawi aliruka naye angani, akaingia nyumba za watu kuwatafuna kwa ndani na kukausha viwele vya ng'ombe. Kifo kilipotiliwa shaka, ndugu waliipasua maiti wapate kujua kama marehemu alirogwa au mwenyewe alikuwa mrogaji.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, Kyela ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe, walieleza pia habari za abamanga. Hawa ni walinzi wa kijiji waliowaona wachawi ndotoni na kupigana nao. Jambo la ajabu ni kwamba nguvu zao zilitoka kwa chatu wale wale.

Chatu alitamani nyama na maziwa. Katika makala yake ya 1951, Monica Wilson alihusisha uchu huo na maisha ya vijiji vya marika: wavulana waliondoka kwa baba zao wakajenga pamoja na wenzao wa umri mmoja, wakala pamoja. Ng'ombe, hata hivyo, walibaki mali ya ukoo. Aliyekula vinono bila kuwakaribisha majirani alijitafutia balaa, na kidole cha tuhuma kilielekea kwa jirani kuliko kwa ndugu.

Kiumbe mwenye tamaa ya maziwa hakuwa wa Wanyakyusa peke yao: Ufini nako kulikuwa na para, kiumbe aliyeiba maziwa ya majirani na kumpelekea mwanamke mwenye naye. Estonia kulikuwa na kratt, aliyeundwa kwa vyombo vikuukuu na kupewa uhai kwa matone matatu ya damu aliyopewa shetani. Tofauti ni kubwa: hao walitengenezwa kwa mikono, hivyo mwenye nao hakuweza kusingizia ukoo wake.

Kwa Wanyakyusa, mtuhumiwa alinyweshwa mwafi, dawa ya kumpima kama ni mchawi. Aliyetapika alikuwa safi. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya 1928 ilifanya hata kumwita mtu mchawi kuwa kosa, ila haikuweza kumlazimisha jirani kula naye. Wengi waliotuhumiwa walihama, wakajenga kwa chifu mwingine.