Babula, reshoo na Cash Power: moto wa nyumba za Goma unatoka wapi na unalipwa namna gani

Goma – Nyumba nyingi za mji huu zina moto wa aina mbili. Ndani, juu ya meza, kuna reshoo ya umeme. Nje, nyuma ya mlango wa jikoni, kuna babula na mfuko wa makala uliofunikwa na hema juu ya mvua. Ukimuuliza mama wa nyumba kwa nini hajaacha moja ya hizo mbili, atakujibu kwa hesabu. Na hesabu hiyo ilianza zamani, kabla ya uhuru.

Mwaka 1958, serikali ya mkoloni ilimaliza barrage ya Ruzizi I, pale Bukavu ambapo mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu. Nguvu yake ni karibu megawati 30. Wakati ule ilionekana kuwa nguvu kubwa, maana wenye umeme walikuwa wachache: ofisi, viwanda, na nyumba za wazungu. Bukavu na Goma ni miji ya mlimani, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku baridi inaingia. Villa nyingine za zamani za Bukavu bado zina sehemu ya kuwashia moto sebuleni. Katika mitaa ya Waafrika, mambo yalikuwa kuni na mafiga matatu.

SNEL ilizaliwa mwaka 1970. Mwaka 1989 ikaongezeka Ruzizi II, yenye megawati zaidi ya 40, lakini hiyo ni ya nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Miji ikakua upesi, na barrage zikabaki zile zile.

Hapo ndipo jambo moja lilipoharibu hesabu ya watu kwa miaka mingi, nalo ni forfait. Nyumba nyingi hazikuwa na konteri. Kila mwisho wa mwezi ilikuja faktura ya bei moja, uwe umewasha taa mbili au umepika sombe kutwa nzima. Kwa mlipaji, joto lilikuwa kama la bure. Basi reshoo iliwaka asubuhi hadi usiku, mara nyingine ikiachwa wazi bila chungu ili kupasha chumba cha mtoto. Taa moja ya kisasa inakula wati 10. Reshoo moja ya kawaida inakula wati 1,000, yaani taa 100. Fikiria mtaa mzima unawasha reshoo saa kumi na mbili jioni kwenye kabini moja. Kabini inaungua, mtaa unakaa gizani, kisha watu wanachangishana pesa ya kutengeneza. Ile pesa haikuandikwa kwenye faktura yoyote, lakini ilikuwa bei ya joto.

Konteri za kulipia mbele, zile wakaaji wanaita Cash Power, ndizo zilizofunua ukweli. Chungu cha maharagi kikikaa saa 3 juu ya reshoo ya wati 1,000 iliyowashwa mfululizo, kinakula kilowati-saa 3. Ndobo ya maji ya lita 20, ukiitoa kwenye baridi ya digri 20 hadi 40 ya kuogea, inataka karibu nusu kilowati-saa. Watu sita wakioga, ni karibu 3 nyingine. Tuseme jamaa inatumia 7 kwa siku kwa kupika na maji ya moto tu. Kwa mwezi ni 210. Kama bei ingekuwa senti 20 za dola kwa kilowati-saa, ni dola 42, na bado hujawasha taa wala friji. Kwa mwalimu anayengoja mshahara, au mama anayeuza ndizi Virunga, hiyo si pesa ndogo.

Wauzaji wengine wa vyombo wanasema reshoo fulani “haili umeme”. Hiyo ni biashara. Maji ya lita 20 yanataka joto lile lile, utumie chombo gani. Kinachobadilika ni joto linalopotea hewani. Ndiyo maana sufuria ya presha ya umeme, iliyofungwa vizuri, inaweza kuivisha maharagi kwa chini ya kilowati-saa moja, wakati reshoo ya waya wazi imekula tatu.

Makala nayo yana historia yake, na ni chungu. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na miti yake iko karibu sana na mji huu. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Walihitaji kupika kama watu wote, na msitu ulikatwa kila siku. Baada yao vita havikuisha, na makala yakawa pesa ya wenye bunduki; FDLR ilijulikana kwa biashara hiyo. Julai 2007, sokwe wa jamaa ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na uchunguzi ukaelekea kwa wafanya biashara ya makala. Mfuko unaobebwa na chukudu hadi sokoni umepita vizuizi vingi, na kila kizuizi kimekula kidogo. Anayelipa vyote ni yule anayenunua makala ya chakula cha jioni.

Kutokana na shida hiyo, hifadhi yenyewe ikaingia katika biashara ya umeme. Barrage ndogo ya Mutwanga, chini ya Rwenzori, ilianza mwaka 2013. Sheria ya Juni 2014 ikafungua mlango kwa kampuni nyingine kando ya SNEL. Desemba 2015 Matebe, juu ya mto Rutshuru, ikazinduliwa na megawati karibu 13, kwa msaada wa mfuko wa Howard G. Buffett, na baadaye waya zikashuka hadi Goma. Wazo lilikuwa wazi: jamaa ikipika kwa umeme, mti unabaki umesimama.

Wazo ni zuri, lakini piga hesabu tena. Megawati 13 ni reshoo 13,000 zikiwaka pamoja, bila taa hata moja, bila kinu wala hospitali. Mji wa Goma una watu wanaozidi milioni. Kwa hiyo bei peke yake haielezi kwa nini babula haijaondoka. Hata kama umeme ungetolewa bure kesho, usingetosha vyungu vyote vya saa kumi na mbili jioni.

Kisha kuna moto mwingine, ule wa mlima, na ule wa vita. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, na lava ikakata barabara ya Rutshuru pamoja na waya za umeme. Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme na bila maji. Waliokuwa wameuza babula zao walikwenda kuazima kwa jirani.

Sasa macho yako kwa Ruzizi III, mradi wa megawati 206 wa nchi zile zile tatu, unaozungumziwa tangu miaka mingi. Ukigawanywa sawa, fungu la Congo ni karibu megawati 68, yaani reshoo 68,000, na Bukavu, Uvira na Goma zote zinangoja.