Kupanga Pamoja, Kutenda Pamoja: Historia Fupi ya Warsha za Biashara Kando ya Ziwa Mweru



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, sisi walimu tumeombwa kuandika historia ya jambo ambalo karibu kila kikundi hapa Mantapala kimelionja, nalo ni warsha. Wawe washonaji, wafuga kuku au wauza samaki, wengi wamekaa darasani au chini ya turubai kwa siku mbili tatu wakijibu maswali ya mwezeshaji: Mnataka kufika wapi? Mna nini mkononi? Nani atafanya kazi gani, na lini? Wako wanaozipenda warsha hizi. Wako pia wanaozicheka, wakisema kinachobaki ni karatasi ukutani na chupa tupu za soda. Sisi tumeona kwamba kabla ya kuzisifu au kuzilaumu ni vema tujue zilikotoka.

Kabla ya neno "warsha"

Watu wa ziwa hili hawakungoja mgeni awafundishe kupanga. Ziwa Mweru linapokea maji ya Mto Luapula upande wa kusini na kuyatoa kwa Mto Luvua karibu na Pweto, na tangu zamani pande zote mbili zimeishi kwa samaki na biashara. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867, alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kuijua njia. Msafara ulikuwa na kirangozi wa kutangulia, mnyampara wa kusimamia wapagazi, hesabu ya vyakula na mkopo uliochukuliwa Zanzibar. Ulikuwa mpango kamili wa biashara, ila shehena yake mara nyingi ilikuwa pembe za ndovu pamoja na binadamu waliofungwa minyororo. Kwa hiyo tujue tangu mwanzo kwamba mpango mzuri ni chombo tu. Swali la kwanza ni mpango wa nini, na kwa faida ya nani.

Katika karne ya 20, migodi ya Katanga ilipohitaji chakula kwa wafanyakazi wake, wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga kituo chao Kasenga, kando ya Luapula, wakapeleka samaki mpaka Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu, ambaye hupanda mto kwa makundi wakati wa kutaga mayai. Kila mwenye wavu alitega wakati huo huo, kwa kuwa ndipo samaki walipokuwa wengi. Ilipofika miaka ya 1950 makundi yale makubwa hayakuonekana tena. Kila mtu alikuwa na mpango wake, lakini mpango wa wote haukuwepo. Wazee wa pande zote mbili wanaikumbuka habari hiyo hadi leo.

Lakini tulikuwa na mipango ya pamoja pia. Wazambia wana chilimba, na sisi tuliotoka Kongo tuna likelemba: watu wanaoaminiana hutoa fedha kila wiki au kila mwezi, na mmoja baada ya mwingine anapokea zote. Hakuna karatasi wala mwezeshaji, na bado kila mtu anajua zamu yake. Asiyetoa anajulikana kabla jua halijatua.

Mwalimu aliyekimbia nchi yake

Aina ya mkutano tunaouita warsha leo ina wazazi wengi, na baadhi yao walikuwa watu wa hali kama yetu. Kurt Lewin alikuwa mwalimu wa saikolojia mjini Berlin. Alikuwa Myahudi, na Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 akahamia Marekani. Mama yake alibaki Ulaya, akauawa pamoja na mamilioni ya Wayahudi wengine.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilitaka familia zile nyama ambazo wengi walizidharau, kama moyo na figo, kwa sababu nyama nyingine ilipelekwa kwa askari. Lewin na wenzake walifanya jaribio katika jimbo la Iowa. Baadhi ya vikundi vya akina mama vilisikiliza mhadhara mzuri juu ya faida za nyama hizo. Vikundi vingine vilikaa kuzungumza shida zenyewe, yaani harufu, mapishi na manung'uniko ya waume, kisha mwishoni wakaamua pamoja kwa kuinua mikono. Baadaye walipoulizwa nani alipika kweli, katika vikundi vya mhadhara walikuwa asilimia 3 tu. Katika vikundi vilivyozungumza na kuamua walikuwa asilimia 32.

Sisi walimu tunaisoma habari hii kwa aibu kidogo, maana mara ngapi tumehutubia darasa zima na kudhani tumefundisha?

Mwaka 1946, katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Lewin aliongoza mkutano wa viongozi wa jamii juu ya ubaguzi. Jioni wataalamu walikaa peke yao kujadili waliyoyaona mchana. Baadhi ya washiriki wakaomba kusikiliza, na mama mmoja, aliposikia anavyoelezwa, akasema kwamba mambo hayakuwa hivyo. Wataalamu wangeweza kumfukuza. Lewin alimkaribisha, na kesho yake wakaja wengi zaidi. Hapo ndipo ilipotambulika kwamba anayezungumziwa lazima awepo na aruhusiwe kusahihisha. Lewin alifariki mapema mwaka 1947, lakini mwaka huo huo wenzake walianzisha mafunzo ya namna hiyo, nayo yakaenea katika makampuni, makanisa na mashirika ya dunia nzima.

Mzazi mwingine ni Paulo Freire wa Brazili, aliyewafundisha wakulima kusoma kwa kutumia maneno ya maisha yao. Jeshi lilipotwaa serikali mwaka 1964 alifungwa, kisha akaenda uhamishoni. Aliishi Chile kwa miaka kadhaa, na kuanzia mwaka 1970 akafanya kazi Geneva katika Baraza la Makanisa Duniani. Alirudi kwao mwaka 1980. Yeye alifundisha kwamba mwanafunzi si debe tupu la kujazwa.

Njia ya Afrika Mashariki

Katika eneo letu, wazo la kupanga lilipewa jina la Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1969, akiueleza mkutano wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, aliipa hotuba yake jina Kupanga ni Kuchagua. Jina hilo peke yake ni somo. Mwenye fedha kidogo hawezi kufanya yote, na anayekataa kuchagua hajapanga bado.

Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1974, Anne Hope wa Afrika Kusini na Sally Timmel wa Marekani waliyaleta mafundisho ya Freire katika mafunzo ya viongozi wa vijiji na parokia, wakayaunganisha na kazi ya vikundi iliyotokana na akina Lewin. Vitabu vyao vilichapishwa Gweru, Zimbabwe, mwaka 1984. Mengi tunayoyaona katika warsha zetu, kama kukaa mduara, kuigiza tatizo kwanza na kuuliza "kwa nini" mara nyingi, yalipita katika njia hiyo.

Upande wa biashara yenyewe, waajiri wa Uswidi walikuwa wametunga mafunzo kwa wenye makampuni madogo katika miaka ya 1970. Shirika la Kazi Duniani likayachukua, likayarekebisha kwa nchi zetu, na tangu miaka ya 1980 yamefundisha watu wengi kutenganisha fedha za duka na fedha za nyumba. Nako Niger mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa eneo la Maradi vikundi vya kuweka na kukopeshana. Fedha zilikuwa zao wenyewe, na vikundi vya namna hiyo vimejulikana kwa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Tukitazama vizuri, ni likelemba iliyoongezewa daftari.

Warsha zilivyofika kwetu

Zambia imepokea wakimbizi kwa muda mrefu; Mayukwayukwa ilifunguliwa mwaka 1966 na Meheba mwaka 1971. Vita vya Kongo vilipowafukuza watu wa Katanga, kambi za Mwange, wilaya ya Mporokoso, na Kala, wilaya ya Kawambwa, ziliwapokea. Pweto ilipoanguka mwezi Desemba 2000, makumi ya maelfu walivuka. Kambi hizo mbili zilifungwa mwaka 2010 baada ya wengi kurudi nyumbani.

Kisha, kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017, tukavuka tena. Zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameingia kabla ya mwaka ule kwisha, wengi kupitia Chiengi, wakapokelewa katika kituo cha Kenani. Mwezi Januari 2018 tukaanza kuhamishiwa Mantapala, ambapo mpango ulikuwa wakimbizi na wenyeji waishi jirani, walime, na watoto wao wasome pamoja. Huo ulikuwa wakati ambapo mataifa yalikuwa yamekubaliana New York, mwezi Septemba 2016, kwamba mkimbizi asaidiwe kujitegemea. Ndiyo maana pamoja na mahindi na mablanketi zikaja pia warsha za biashara.

Sasa tuseme ukweli juu ya kikundi chetu. Tulikuwa 12, walimu wanne na majirani wanane. Katika warsha ya siku tatu tulitunga mpango wa kununua samaki wabichi Kashikishi, kuwakausha na kuwauza hapa. Sisi walimu ndio tuliokamata kalamu, kwa sababu tulisoma chuo cha ualimu na tunajua kuandaa somo: lengo, vifaa, hatua, tathmini. Karatasi zetu zilisifiwa kuliko za wote. Tulipata mtaji katikati ya Novemba.

Tarehe 1 Desemba uvuvi ulifungwa mpaka mwisho wa Februari, kama inavyokuwa kila mwaka ili samaki wazaane. Katika karatasi zote zile hapakuwa na neno moja juu ya jambo hilo. Tena tulisahau kwamba mkimbizi anahitaji kibali kutoka makazini, na kibali kina siku zake. Mtaji ulilala, ukaanza kuliwa kidogo kidogo. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, mwingine alidaiwa. Kufika Machi zilibaki fedha zisizojaza kikapu kimoja, na majirani hawakusalimiana.

Tulipokaa kusuluhishana, mama mmoja katika kikundi, aliyeuza samaki Pweto tangu usichana wake, akasema: "Mimi nilijua Desemba wanafunga." Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Bwana mwalimu, mlikuwa mnaandika Kiingereza."

Jibu hilo lilituumiza, nalo ndilo lililotufundisha. Hatukuweza kumlaumu mwezeshaji peke yake, maana kalamu ilikuwa mikononi mwetu. Tulikuwa na Lewin wetu na mama wa New Britain wetu katika chumba kimoja, na tukamfunga mdomo mama yule kwa lugha.

Mara ya pili tulikaa chini ya mwembe, bila posho wala soda. Tulichora miezi 12 ardhini kwa fimbo, na mama yule akaweka mawe juu ya miezi ya kufungwa. Tukaongea Kiswahili na Kibemba. Tukaamua kwamba miezi ya mawe ni ya maharagwe na mboga. Tukagawana kazi kwa majina: huyu kibali, huyu chumvi, huyu daftari, hawa wawili Kashikishi. Kila Jumamosi tunakutana nusu saa, kila mtu anajibu maswali mawili tu: Uliahidi nini? Umefanya nini? Hatukutajirika. Lakini mtaji haujaliwa tena, na majirani wanasalimiana.

Tunayoyaomba

Kwa wakazi wenzetu: tusiende warshani kwa ajili ya posho. Tuchague wenye kuijua kazi, hata kama hawajui kuandika, na kalamu imtumikie anayejua.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tunawashukuru, na tunajua kwamba tangu mwaka 2025 fedha za misaada zimepungua sana duniani. Kwa sababu hiyo hiyo tunaomba warsha ziwe chache na ufuatiliaji uwe mrefu. Siku tatu za kupanga bila ziara moja baada ya miezi mitatu ni kama kupanda bila kupalilia. Mtumie lugha zetu, mwulize juu ya kibali na juu ya Desemba kabla ya kutoa mtaji, na mtukaribishe jioni mnapoandika ripoti juu yetu, ili tuweze kusema pale ambapo mambo hayakuwa hivyo.

Wakati huu karatasi zetu za kwanza tumezifanyia majalada ya madaftari ya wanafunzi wa darasa la tatu. Michoro ya chini ya mwembe imefutwa na mvua, lakini tunaikumbuka.