Silabi za Damu: Kiambishi cha Kiyunani Katika Pwani ya Kismayo

Msafiri atokaye Kismayo kwa jahazi kuelekea kusini hupitia visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga sambamba na bara. Mojawapo ya majina yaliyomo katika orodha ya visiwa hivyo ni Fuma Iyu na Tini. Mwalimu wa Kiswahili sanifu hahitaji mkalimani hapo: iyu ni juu, na tini ni chini. Hata jina la Kismayo huelezwa na wengi kuwa asili yake ni kisima yuu, yaani kisima cha juu. Palipo na j katika sanifu, Mbajuni ana y. Palipo na ch, ana t. Na mara nyingi palipo na t ya sanifu yeye ana ch, ndipo mtu akawa mchu. Tumeanza na sauti hizi kwa kuwa tunakusudia kuzungumzia maneno ya tiba yaliyotokana na Kiyunani, na hasa yale yenye kiambishi hemo-, chenye maana ya damu. Pwani hii ya kaskazini ilifikiwa na tiba ya Wayunani kwa njia tatu mbalimbali, na kila njia ilileta matamshi yake.

Njia ya kwanza ni ya kale, nayo ilipita Uarabuni. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake walifasiri vitabu vya Galen mjini Baghdad, na pamoja navyo mafundisho ya majimaji manne ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Kati ya hayo ni balghamu peke yake iliyobaki na umbo la Kiyunani, phlegma. Waarabu hawaanzi neno kwa konsonanti mbili, kwa hiyo waliipasua ph na l kwa kuweka irabu kati yake, wakapata balgham. Waswahili wakaongeza irabu ya mwisho. Jambo hilohilo ndilo alilofanya mzee wa pwani alipopewa glasi akaiita gilasi. Majimaji mengine hayakubebwa kwa sauti, bali kwa maana tu: safura asili yake ni neno la Kiarabu la rangi ya manjano, na sauda la rangi nyeusi. Jinsi maneno yanavyohama ni ajabu: safura, iliyokuwa nyongo ya manjano, leo kwa Waswahili ni jina la maradhi ya upungufu wa damu yaletwayo na minyoo.

Njia mbili nyingine ni za Ulaya, nazo zilikutana Kismayo. Mji huo ulikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1925, ulipokabidhiwa Waitalia pamoja na nchi yote iliyo ng'ambo ya mto Juba. Waingereza waliurudia kwa vita mwaka 1941, kisha Waitalia wakapewa udhamini wa Somalia kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Hata katika miaka ya 1970 na 1980 kitivo cha udaktari cha Mogadishu kilikuwa kikifundisha kwa Kitaliano. Basi neno moja la Kiyunani, haima, lilikuwa na sura mbili katika pwani moja. Kusini ya mpaka daktari aliandika kwa h, kama Waingereza. Kaskazini yake aliandika emoglobina na emofilia, kwani Waitalia waliiacha h ya Wayunani zamani sana.

Kiswahili sanifu kimefuata Waingereza katika h, lakini hakikuwafuata katika irabu. Mwingereza husema hiimo-. Sisi tunasema hemo-. Hii ni dalili kwamba neno liliingia kwa jicho, si kwa sikio: lilisomwa kitabuni, herufi kwa herufi. Linganisha na nimonia, ambayo kwa Kiyunani ina p mwanzoni. Sisi hatuna p hiyo kwa sababu Mwingereza mwenyewe haitamki, nasi tulimsikia.

Sasa tufike kwenye mgawanyo wa silabi, ambako walimu hutofautiana. Wako wanaokata neno kwa kufuata mizizi yake ya Kiyunani: hemo-globini, hemo-filia, an-emia. Mgawanyo huo unamfaa anayetafuta maana, kwa kuwa an- ni kukosa na -em- ni damu ileile iliyopoteza h yake. Lakini huo si mgawanyo wa silabi. Kinywa cha Mswahili hakijui mzizi, kinajua irabu. Kwa hiyo a-ne-mi-a ina silabi nne, na n ya kiambishi inahamia kwa irabu iifuatayo bila kuuliza ruhusa. He-mo-fi-li-a ina silabi tano. He-mo-glo-bi-ni nayo ina tano, na hapo pana ubishi kuhusu glo: je, tuipasue kama gilasi? Sisi tunaona isipasuliwe. Wasomi wameizoea gl ikiwa silabi moja, na atakayeandika hemogilobini atamchosha msomaji bila faida.

Mkazo haupaswi kuleta taabu, ila huleta kwa mwanafunzi aliyezoea Kiingereza. Mwingereza hukaza silabi ya pili ya anemia. Mswahili hukaza ya pili kutoka mwisho, -mi-. Mtaliano naye hukaza hapohapo, na katika emofilia hukaza -li-, kama sisi katika hemofilia. Ni sadfa tu, lakini Mbajuni aliyelisikia neno hospitalini Kismayo hakuhitaji kuhamisha mkazo alipolisikia tena Mombasa; alihitaji kuongeza h tu pale ilipotakiwa.

Hatusemi haya kwa upuuzi wa kuhesabu silabi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walinyang'anywa mali na kufukuzwa visiwani. Walikimbilia pwani ya Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Huko, katika miaka ya 2000, mazungumzo yao yalirekodiwa na wachambuzi wa lugha wakaulizwa kama msemaji ni Mbajuni wa Somalia au wa Kenya. Aliyeishi Mombasa miaka kadhaa na kuzoea kusema juu badala ya iyu angeweza kuhesabiwa kuwa si mtu wa visiwani. Mwalimu aliyemsahihisha darasani hakujua anafuta nini.

Kwa hiyo tunapendekeza mwalimu atenganishe mambo mawili. Istilahi kama hemoglobini, ambazo TUKI ilizishughulikia katika Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, zifundishwe kwa matamshi sanifu, kwani hakuna lahaja yenye umbo lake la kale la maneno hayo. Lakini mgonjwa wa Kibajuni anapoulizwa anaumwa wapi, naye akajibu kwamba ni iyu au ni tini, daktari na mwalimu waliache jibu lake kama lilivyo na kuliandika hivyohivyo.