Mji wa kulelea watoto katika jimbo la Maine

Jimbo la Maine, lililo kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, lilikuwa na watu milioni 1.36 katika hesabu ya mwaka wa 2020, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakiishi mashambani. Hata Portland, mji wake mkubwa zaidi, haukufikisha wakazi 70,000.

Uhalifu ni mdogo na hewa ni safi. Usalama huo ni mojawapo ya sifa zilizowavutia Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi nchini Kenya, walipoanza kuhamia mji wa Lewiston mwaka wa 2001.

Wafugaji wa Kisomali wana desturi ya kuwatanguliza watu wa kupeleleza malisho na maji kabla ya kuhamisha mifugo. Huko Marekani, familia zilizochoshwa na vurugu za miji mikubwa kama Atlanta zilifanya vivyo hivyo, ila safari hii wapelelezi waliulizia shule, usalama na kodi ya nyumba. Viwanda vya nguo vya Lewiston vilikuwa vimekufa, na vyumba vingi vilibaki vitupu.

Mapokezi hayakuwa mepesi. Oktoba 2002, meya aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwasihi wapunguze kasi ya kuwaleta jamaa zao. Januari 2003, kikundi cha wabaguzi wa rangi kilipofika mjini, maelfu ya wakazi walikusanyika kuwatetea wageni. Mwaka wa 2015, timu ya kandanda ya shule ya upili ya Lewiston, iliyojaa vijana wa Kisomali, ilitwaa ubingwa wa jimbo.

Hata hivyo, kodi nafuu ina hila zake. Majengo mengi ya kupangisha mjini humo ni makuukuu, na yalipakwa rangi yenye madini ya risasi kabla ya rangi hiyo kupigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka wa 1978. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, hasa yule anayetambaa na kutia vidole kinywani. Mzazi hana budi kumuuliza mwenye nyumba iwapo rangi imepimwa, na kumpeleka mtoto kwa daktari akapimwe damu.

Nyumba rahisi zaidi hupatikana mbali, katika miji iliyotegemea mwajiri mmoja. Millinocket, uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi, ulipoteza kiwanda hicho mwaka wa 2008, na vijana wakatawanyika kutafuta kazi. Bei ya chini ya nyumba katika mji wa aina hiyo ni dalili ya ugonjwa wenyewe.

Hospitali nazo si za kudhaniwa tu. Huduma za kujifungua zilisitishwa Calais mwaka wa 2017 na Rumford mwaka wa 2023, hivyo kina mama wajawazito wa huko hulazimika kusafiri hadi miji mingine, hata theluji inapofunika barabara.

Kuhusu shule, sehemu kubwa ya gharama hutokana na kodi ya nyumba na ardhi, kwa hiyo mji wenye mali chache huwatoza wakazi wake zaidi au huajiri walimu wachache. Baadhi ya miji midogo haina shule ya upili kabisa. Badala yake huwalipia watoto karo katika shule za kwingineko. Mpango huo huwapa wazazi uhuru wa kuchagua, lakini mtoto hutumia muda mrefu garini.

Msimu wa kuuchunguza mji ni Februari, wala si Julai watalii wanapojaa ufuoni. Mwezi huo mgeni ataona kama basi la shule linapita kwa wakati, na majirani watamweleza bila kuficha wametumia mafuta kiasi gani kupasha nyumba joto tangu Novemba.