KURA ZINAZOUZWA: Historia ya linki za kulipia, na jinsi Google ilivyowachapa watu mpaka ikajichapa yenyewe



Hapa tumezoea "staa mmoja, jina kapuni". Leo kidogo ni tofauti, majina ya makampuni yatatajwa, maana haya mambo yalishatoka magazetini na mengine yalifika mpaka mahakamani. Ishu yenyewe ni linki. Ndiyo, hizo hizo unazobonyeza kila siku bila kuwaza. Kuna watu wamezigeuza biashara ya hela ndefu, na kuna makampuni makubwa yamewahi kupotea kwenye Google kwa sababu yake. Twende kazi.

KRISMASI BILA GOOGLE

Wapenda rap wengi mnaijua Genius, ule mtandao wa mashairi ya nyimbo na maana zake. Zamani uliitwa Rap Genius. Ulianza 2009, na 2012 wawekezaji wa Marekani wakaumwagia dola milioni 15. Sasa Desemba 2013 jamaa wakawa wanawatumia wanablogu ujumbe wa chini chini: bandika linki zetu za mashairi ya Justin Bieber kwenye posti yako, sisi tutaitwiti posti hiyo kwa wafuasi wetu. Hakuna hela iliyotoka mfukoni, ila ni nipe nikupe. Mwanablogu mmoja aliyeupata ujumbe akauanika.

Siku ya Krismasi Google ikashusha rungu. Ukitafuta jina lenyewe, "Rap Genius", tovuti yao huioni ukurasa wa kwanza. Yaani mtu anakutafuta kwa jina lako kamili na wewe haupo! Walikaa siku 10 gizani, wakahangaika kufuta linki na kuomba radhi hadharani ndipo wakarudishwa.

Wengi waliuliza: linki tu? Kosa liko wapi? Kulijibu hilo inabidi turudi nyuma.

LINKI NI KURA

Miaka ya 90 mitandao ya kutafuta ilitegemea sana kuhesabu maneno. Ukirudia neno "muziki" mara 200 kwenye ukurasa wako, unapanda juu. Wajanja wakawa wanaandika maneno meupe juu ya rangi nyeupe, msomaji haoni kitu, mashine inaona. Unatafuta wimbo, unaletewa takataka.

Wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, wakaja na wazo lingine, na 1998 wakaliandika. Usimsikilize mtu anavyojisifia, sikiliza wengine wanavyomtaja. Tovuti moja ikiweka linki kwenda nyingine, ni kama imeipigia kura. Na kura hazilingani uzito. Kura ya tovuti ambayo nayo inatajwa na wengi ina nguvu kuliko ya tovuti isiyojulikana. Hesabu hiyo ikaitwa PageRank, na juu yake ikajengwa Google.

Ni mambo ya mtaani kabisa. Kinyozi akijisifia mwenyewe unacheka, ila washkaji watano wakikwambia "nenda kwa yule pale kona", unaenda.

Lakini mfumo wote huo ulisimama juu ya kitu kimoja: kwamba mtu kaweka linki kwa sababu kitu kakikubali kweli. Siku kura ikianza kuuzwa, hesabu nzima inakuwa feki.

SIKU KURA ILIPOPATA BEI

Desemba 2000 Google ikatoa kijiprogramu cha kuweka juu ya kompyuta yako ukiwa mtandaoni, kikawa kinaonyesha alama ya kila ukurasa kuanzia 0 mpaka 10. Hapo, kwa mtazamo wangu, walijichimbia shimo wenyewe. Kitu kisichoonekana ni kigumu kukiuza. Kikishapewa namba, kina bei. Linki kutoka kwenye tovuti yenye 7 ikawa na bei yake, ya 4 bei yake, na madalali wakazaliwa hapo hapo.

Mwaka 2002 kampuni moja ya Oklahoma, SearchKing, ikaanzisha udalali wa wazi wazi, inawakutanisha wenye alama kubwa na wanaotaka linki. Alama ya SearchKing yenyewe ikaporomoka. Wakaishtaki Google. Mei 2003 mahakama ikaitupa kesi: alama ya PageRank ni maoni ya Google, na maoni yanalindwa na Katiba ya Marekani.

Shikilia hapo. Maana yake ni kwamba Google ikikushusha, kwa jaji yule ni sawa na mtu aliyesema "mimi naona huyu siyo mkali". Wewe unapoteza wateja, yeye katoa maoni.

REDIO WALISHAPITIA HII

Wadau wa muziki mtaniambia hii siyo mpya, na mko sahihi. Marekani miaka ya 50 madj wa redio walikuwa wanapokea hela kutoka makampuni ya rekodi ili wapige nyimbo zao. Waliiita payola. Msikilizaji anadhani dj kaupenda wimbo, kumbe kaipenda bahasha. Mwaka 1959 kashfa ikalipuka, na Alan Freed, dj aliyeitangaza sana rock and roll, akafukuzwa kazi.

Sheria ya 1960 ilirekebishwaje? Haikusema redio isipokee hela kamwe. Ilisema kama umelipwa kukirusha kitu hewani, tangaza hewani kwamba umelipwa. Msikilizaji ajue, kisha aamue mwenyewe.

Kwenye mitandao ya kutafuta nako ilitokea hivyo hivyo. Mwaka 1998 ilianza GoTo.com, mtandao ambao nafasi ya juu ilikuwa mnada: anayelipa zaidi kwa kila mbonyezo anakaa juu. Ila bei walikuwa wanaionyesha, kila mtu anaiona. Mitandao mingine ikawa inachanganya majibu ya kulipiwa na ya kweli bila kusema. Juni 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaiandikia mitandao ya kutafuta: kama nafasi imelipiwa, mwambieni mtafutaji waziwazi. Ndiyo maana mpaka leo Google ikiuza nafasi inaweka neno la kuonyesha kwamba ni tangazo.

Kwa hiyo kanuni ilikuwepo tayari: uza, lakini sema. Swali ni kwanini kwenye linki mambo yakaenda njia nyingine.

LEBO AMBAYO MSOMAJI HAIONI

Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana kutumia alama moja ndogo inayoitwa nofollow. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia wahuni waliokuwa wanamwaga linki za dawa na kamari kwenye maoni ya blogu za watu. Linki ikiwa na alama hiyo, haihesabiwi kama kura. Baadaye Google ikasema na wewe unayeuza linki weka alama hiyo hiyo. Mwaka 2007 Matt Cutts, aliyekuwa anaongoza vita ya Google dhidi ya uhuni wa mtandaoni, akawaalika watu waripoti linki za kununua, na mwaka huo huo tovuti nyingi zikashushwa alama.

Sasa angalia. Hiyo alama inakaa ndani ya kodi ya ukurasa. Wewe unayesoma kwenye simu huioni. Mashine ya Google inaiona. Sheria ya redio ilimlinda msikilizaji, lakini nofollow inamlinda anayehesabu kura. Hapo ndipo mimi naona historia hii ilipopinda.

RUNGU HALIKUCHAGUA

Mwisho wa 2010, msimu wa sikukuu, duka kubwa la Marekani J.C. Penney lilikuwa namba moja Google karibu kwa kila kitu: magauni, matandiko, mazulia. Februari 2011 gazeti la New York Times likafichua kurasa 2,015 zenye linki za kulipandisha, nyingi kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo, mara kasino, mara nyumba za Bulgaria. Duka likasema halikujua lolote, likaifukuza kampuni iliyokuwa inalifanyia kazi hiyo. Google ikasahihisha. Jumatano moja saa 1 jioni duka lilikuwa namba 1 kwa aina fulani ya begi la safari. Saa 3 usiku lilikuwa namba 71.

Februari 2013 ikawa zamu ya Interflora, wauza maua wa Uingereza, wiki chache kabla ya Siku ya Mama ya kule. Walipotezwa siku 11. Magazeti ya mikoani yaliyobeba makala zao za kulipiwa nayo yakashushwa alama.

Na sasa utamu wenyewe. Februari 2009 Google Japan ilibainika kuwalipa wanablogu waandike kuhusu huduma yake. Google ikaishusha Google Japan kutoka 9 mpaka 5. Januari 2012 ikaonekana kampeni ya kutangaza Chrome ililipia posti za blogu, na moja ilikuwa na linki ya kuhesabika kama kura. Google ikaishusha kurasa ya Chrome kwa siku zisizopungua 60. Heshima yao, walijichapa. Lakini hebu jiulize, kama wenye sheria wenyewe wameteleza mara mbili, mtoto wa kitaa mwenye blogu yake moja atajuaje mpaka uko wapi?

HOFU, KISHA KULEGEZA

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ikawasha programu iliyopewa jina Penguin. Sasa hata binadamu hahitajiki, mashine inanusa linki za uhuni na kukuzamisha. Wenye tovuti wakapagawa. Waliokuwa wanalipa wawekewe linki wakaanza kuomba zitolewe, na wapo waliodaiwa hela ya kuzitoa! Wengine wakaogopa mshindani asije akawanunulia linki chafu ili wazame. Oktoba mwaka huo Google ikaleta fomu ya kuzikana linki usizozitaka.

Mwaka 2016 kikaja kitu cha akili zaidi. Zile alama za 0 mpaka 10 zikaondolewa machoni pa watu, na Septemba Penguin ikabadilishwa: badala ya kuizamisha tovuti nzima, mara nyingi inaipuuza tu ile linki chafu. Umenunua kura? Sawa, haijahesabiwa. Septemba 2019 ikaongezwa alama nyingine, sponsored, mahususi kwa linki za kulipiwa. Nayo, kama kawaida, ipo ndani ya kodi.

Vita haijaisha. Machi 2024 Google ilitangaza kuzibana tovuti zenye jina kubwa zinazobeba makala za watu wengine ili kupandia mgongo wa jina hilo. Wachapishaji wa Ulaya wakalalamika kuwa wanakatwa mapato, na Novemba 2025 Tume ya Ulaya ikafungua uchunguzi. Swali ni lile lile la Oklahoma: maoni ya Google yanaishia wapi, na riziki ya mtu inaanzia wapi?

KWA HIYO IWEJE?

Kama una blogu Dar, Nairobi au Kampala, ile meseji unaijua. "Tumeipenda blogu yako, tunaomba kuweka makala, tunalipa kwa dola, ila usiandike kuwa ni tangazo." Mara nyingi ukifuatilia linki unakuta ni kamari au mikopo. Na njaa ipo, tusidanganyane. Hela ya makala moja inaweza kulipa bando la mwezi.

Msimamo wangu ni huu. Linki iliyonunuliwa ihesabiwe sifuri. Isiwe msiba kwa tovuti nzima. Najua wapo watakaosema bila viboko watu watajaribu tena na tena, kwa kuwa hasara ni hela ya linki tu. Ni kweli, na kwa mtu anayeuza maelfu kwa maelfu, rungu libaki. Lakini kijana aliyeuza mbili bila kujua, mwambie kosa lake, mpe muda arekebishe. Rap Genius walikuwa na mamilioni ya kuwavusha siku 10 za giza. Wewe na mimi hatuna.

La pili ndilo kubwa kwangu. Lebo itoke ndani ya kodi ije juu ya ukurasa. Google ina nguvu ya kuifanya hiyo iwe sharti: linki imelipiwa, andika neno "tangazo" kwa herufi ambazo mtu anaziona kwenye simu ya bei rahisi. Kura ya uongo ikiingia kwenye hesabu ya Google, Google inapunguza pointi na maisha yanaendelea. Ikiingia kwa dogo aliyekuamini, akabonyeza linki yako ya kamari akidhani unaikubali kweli, anayepunguziwa ni yeye, na hela ya kodi ya chumba hairudi.

Redio walilimaliza hili 1960 kwa sentensi moja tu: umelipwa, sema.

Wewe unaonaje? Blogu unayoipenda ikikwambia wazi "hii nimelipwa", utaibonyeza au utapita? Tiririka hapo chini.