Ubao wa Kufulia na Chupa ya Soda: Pigo kama Sehemu ya Matini Simulizi

Historia ya ala za muziki aghalabu huandikwa kama historia ya vyombo vilivyoundwa makusudi: ngoma, zeze, marimba. Makala haya yanashughulikia vyombo vya nyumbani vilivyogeuzwa kuwa ala za mdundo, na yanauliza swali la kifasihi: je, mlio wa chombo cha aina hiyo ni pambo la wimbo, au ni sehemu ya matini yenyewe?

Mfano mashuhuri ni ubao wa kufulia wenye matuta ya bati. Wanamuziki weusi wa kusini mwa Marekani waliukwaruza kwa vidole vilivyovikwa subana. Mwaka 1946 Clifton Chenier alimwagiza fundi wa vyuma, Willie Landry, atengeneze bati la matuta la kuvaliwa mabegani, ambalo nduguye Cleveland alilipiga. Kwa hatua hiyo chombo kiliachana na dobi kikabaki na muziki. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1950, vijana waliupiga ubao huo pamoja na besi ya sanduku la chai. Sanduku la namna hiyo ndilo besi ya kidumbak cha Zanzibar.

Katika Migori na Homa Bay, iliyokuwa Nyanza Kusini, nguo zimezoeleka kufuliwa kwa mikono ndani ya karai, au juu ya mawe kando ya mto na ziwa. Hivyo mwenzi wa ubao huo hana budi kutafutwa kwingine, na njia ya kumfikia inaanzia kwenye nyatiti. Mpigaji wake, jathum, hucharaza nyuzi nane kwa vidole, huku pete ya chuma iitwayo oduong'o, iliyo katika kidole gumba cha mguu, ikigonga kiunzi cha ala. Njuga za gara mguuni huitikia. Kwa hiyo fanani mmoja hubeba sauti, nyuzi na pigo.

Gitaa lilipoenea magharibi mwa Kenya, halikuwa na kiunzi cha kugongwa kwa mguu. Katika nyimbo za gitaa za miaka ya 1950 na 1960, zikiwemo za George Mukabi wa Kisa (aliyefariki mwaka 1963), husikika chupa ya soda ikigongwa kwa chuma. Matuta ya chupa ya Fanta yaliruhusu pia kukwaruzwa, kama ubao wa kufulia. Tunapendekeza kwamba, kwa hadhira iliyozoea oduong'o, chupa ilichukua nafasi ya pete: mlio mkali ulio juu ya nyuzi. Badiliko hili lilikuwa la kijamii pia, kwa kuwa kazi ya mguu wa mtu mmoja sasa ilimhitaji mtu wa pili. Baadaye, katika benga ya D. O. Misiani (1940–2006), mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, kazi ya mdundo ilishikwa na seti ya ngoma.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kwamba fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo. Dai hilo lilifaulu, lakini unukuzi mwingi uliofuata ulihifadhi maneno na kuacha pigo. Hasara yake si ndogo. Katika wimbo wa nyatiti, pete ndiyo inayomwonyesha msikilizaji mahali kauli inapokatikia na mahali kimya kina uzito. Mnukuzi asiyeiandika hulazimika kuikata mishororo kwa kubahatisha, kisha mhakiki huichambua mishororo hiyo kana kwamba ni kazi ya fanani.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, wakimbeza mpayukaji. Mhakiki wa fasihi simulizi, hata hivyo, anawajibika kusikiliza uvumi huo na kuuandika: pete, chupa na bati vipewe mstari wao katika unukuzi, sambamba na maneno. Bila hivyo tutaendelea kufundisha nusu ya shairi.